Sailensa na bomba la kuunganisha kwenye pikapu ya V8: nilichofunga na nilichokataa

Swali ni sailensa gani inapunguza mvumo kwenye barabara kuu, na kama bomba la kuunganisha la X au H linahitajika. Naanza na jibu, maana najua wengine mnatafuta hilo tu. Kwenye Chevrolet Silverado 1500 yangu ya 2011, injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.3, nimefunga sailensa ya MagnaFlow ya kupitisha gesi moja kwa moja. Bodi yake ina umbo la yai, inchi 5 kwa 8, urefu inchi 24, bomba la inchi 3 kuingia na kutoka. Bomba la X, yaani kiungo cha umbo la X kati ya mabomba mawili ya moshi, sikufunga, na la H pia sikufunga. Nimeridhika. Hilo la kukataa X na H ndilo nitakalolieleza zaidi, kwa sababu hapa Houston nimebanwa na mafundi zaidi ya mmoja wakitaka kuniuzia X.

Gari nililinunua likiwa tayari lina sailensa fupi ya vyumba. Aina hiyo ndani haina nyuzi za kufyonza sauti, ina kuta za chuma tu zinazogonganisha mawimbi. Ukiwasha asubuhi inanguruma mpaka raha, na mtaani ukikanyaga mafuta watoto wanageuka. Shida ni barabara kuu. Mimi navuta trela la kazi kwenda San Antonio kwa barabara kuu ya I-10, karibu maili 200, na Silverado hii ya gia sita ikitembea maili 70 kwa saa injini inazunguka kama mara 1,700 kwa dakika. Hapo ndipo mvumo ulipojikita. Si kelele ya kuziba masikio. Ni kitu kinachobana kifua na paji la uso, unaongeza redio na bado hujui mtangazaji kasema nini. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga tukampeleka San Antonio, hatujafika hata Columbus, mji wa njiani, akauliza kama gari ni bovu.

Mvumo huo una hesabu yake. V8 inachoma mara 4 kwa kila mzunguko wa injini, kwa hiyo kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika unapata mapigo kama 113 kwa sekunde. Tena injini hii ina mfumo wa GM, watengenezaji wa Chevrolet, wa kuzima silinda nne, yaani namba 1, 4, 6 na 7, gari likiwa halina mzigo mkubwa. Zikizimwa, mapigo yanashuka hadi kama 57 kwa sekunde, na sauti nzito ya namna hiyo ndiyo kebini ya pikapu inayoipenda. Sailensa fupi haina ubavu wa kupambana na wimbi refu hivyo. Zipo bodi za inchi 14 na 18, lakini nilichukua ya 24 kwa makusudi. Ndani ni bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi. Gesi inapita bila kukunja kona, sauti inaingia pembeni na kumezwa. Bomba la nyuma nililiacha litokee nyuma ya tairi, kwa sababu ukilikatia chini ya gari sauti yote inarudi sakafuni kwako.

Matokeo: injini ikiwa baridi inasikika, ni V8 na haijifichi. Njiani tunaongea kwa sauti ya kawaida. Silinda nne zikizimwa bado nausikia mvumo kidogo, na sailensa ya kupitisha moja kwa moja haiwezi kuumaliza wote. Wapo wanaochomelea bomba la pembeni lililozibwa mwisho ili lirudishe wimbi kinyume. Linafanya kazi, ila urefu wake unategemea sauti unayotaka kuiua. Kwa mapigo 113 unahitaji kama mita moja, kwa 57 kama mita mbili. Mita mbili chini ya pikapu utazipitisha wapi? Kipo pia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari) kinachozuia silinda zisizimwe. Mafuta yatakwenda kidogo zaidi, lakini kwa anayevuta trela muda mwingi, kama mimi, silinda zenyewe hazizimwi sana.

Sasa bomba la kuunganisha. Kwenye Silverado hii, mabomba mawili ya injini yakishapita masega (catalytic converter, vichujio vya moshi) yanakutana kwenye kiungo cha umbo la Y na kuwa bomba moja hadi nyuma. X na H kazi yao ni kuzikutanisha pande mbili za injini, na hizi zimeshakutana! Fundi mmoja akaniambia hilo si tatizo, atakata Y, atapitisha mabomba mawili, X itakaa katikati, na mvumo wote utaisha. Nikaingia chini ya gari na tochi kuangalia njia. Upande wa dereva kuna tangi la mafuta, katikati kuna propela, kwa hiyo bomba la pili lingelazimika kuvuka kwenda upande wa abiria na kubanana na mwenzake karibu na giaboksi. Bei aliyotaja ilizidi mara tatu ya sailensa. Ukipuuza unene wa bati, bomba moja la inchi 3 lina uwazi wa inchi za mraba kama 7, na mawili ya inchi 2.25 kwa pamoja yana kama 8. Kwa injini ya farasi 315 ambayo ndani haijaguswa, tofauti hiyo silipii.

Kwa shemeji yangu mambo ni mengine kabisa. Yeye ana pikapu ya Chevrolet C10 ya 1972, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, gari la kung'arisha na kutembelea Jumapili. Kwenye C10 za miaka ile tangi la mafuta liko ndani ya kebini nyuma ya kiti, na masega yalikuja na magari ya 1975, kwa hiyo chini ni kweupe. Mabomba mawili ya inchi 2.5, kila moja na sailensa yake, yanapita bila kugombana na kitu. Gari la hivi ndilo lenye haki ya kubishania X na H, na tumejaribu zote.

Ukitaka kuelewa zinafanya nini, fuata mpangilio wa kuchoma wa 350: 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko kushoto, shufwa kulia. Utaona 8 na 4 zinafuatana, zote za kulia, halafu 5 na 7 zinafuatana, zote za kushoto. Kila bomba linapigwa mara mbili haraka haraka, kisha linasubiri. Mngurumo wa kurukaruka wa V8 unatoka hapo. H inayapa mabomba mlango mdogo wa kupumuliana. X inailazimisha gesi ya pande zote mbili ipite sehemu moja, ikichanganyika.

H tuliiweka kwa njia ya mafundi wa zamani. Tulipuliza rangi ya kopo ya bei rahisi kwenye mabomba yote mawili kuanzia karibu na injini, shemeji akalikimbiza gari kwa nguvu kwenye barabara tupu, akazima. Tulipochungulia, rangi ilikuwa imeungua, imekuwa kijivu na kujikunja magamba, halafu ghafla, nyuma kidogo ya giaboksi, ikarudi nyeusi safi utafikiri imepakwa sasa hivi. Mpaka wa kuungua na kutoungua ndio mahali pa kukata.

Kwa H, mngurumo ulibaki mzito, wa kizamani, na ile milio mikali ya ukiachia mafuta ikapungua. X ilipoingia sauti ilipanda, ikawa laini, ya gari la mbio, na kwenye mizunguko ya juu ilikuwa tamu kweli. Kwenye mizunguko ya chini haikuwa C10 tena. Shemeji akarudisha H, nami nasema alifanya sawa. Kwenye gari la michezo kama Camaro ningechagua X bila kujiuliza. Kuhusu nguvu, hatukupima kwenye mashine, kwa hiyo sitawatajia farasi walioongezeka. Kiti cha dereva hakipimi.

Haya mengine ni ya kukumbusha tu. Chochote kinachopita chini ya giaboksi kifungwe kwa klampu pana au flanji, kisichomelewe moja kwa moja, la sivyo siku ya kushusha giaboksi utaanza na grinda. Kabla ya kulipa, uliza kama mashine yao inakunja bomba bila kulibonyeza kwenye kona. Kwa Texas, chuma kilichopakwa alumini kinatosha. Mlioko Minnesota au Ohio, kwenye chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, nendeni na chuma cha pua, na mchukue sumaku: daraja la 409 linaishika, 304 haliishiki. Masega msiyaguse, sheria ya shirikisho inakataza. Texas imefuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi tangu Januari 2025, lakini kipimo cha moshi kwa wilaya kama Harris bado kipo.

Na wenye Silverado za 2019 kuendelea zenye mfumo mpya wa kuzima silinda: hizo zinabadilisha silinda za kuchoma kwa mitindo 17, kwa hiyo mvumo hauna sehemu moja ya kuuvizia. Kwa hizo, kabla hujakata kitu, tafuta mwenye gari kama lako aliyefunga sailensa unayoitaka, mwombe mpande wote hadi barabara kuu, mfike maili 70. Video nyingi za sailensa zinarekodiwa gari likiwa limesimama.