Bata 40 wa mpira na Bibi wa Tanga: uzoefu wangu wa meli ya kitalii

Begi la mwanangu lilipopita kwenye mashine ya ukaguzi bandarini Galveston, afisa alilirudisha nyuma, akatazama skrini tena, akacheka. Ndani mlikuwa na bata 40 wa mpira, wale wa manjano wa kuogea watoto.

Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili, na mama yangu, ambaye aliapa kutopanda tena chombo chochote tangu mkondo wa Nungwi ulipomtapisha akielekea Pemba. Safari ya usiku tano, Texas hadi Mexico na kurudi. Kampuni siitaji, maana meli yenyewe naipa nyota tatu tu: intaneti ghali, foleni ya chakula cha mchana ndefu kama ya kivuko cha Kigamboni, na bahshishi wanakukata kila siku, kila kichwa, hata cha mtoto. Nyota ya nne nawapa bata.

Kwa asiyejua, abiria wa meli hizi wana mchezo wa kufichiana bata. Inasemekana ulianza 2018 na mtoto wa miaka 10. Unamweka bata nyuma ya chungu cha maua au juu ya fremu ya picha pale kwenye ngazi. Atakayemwona anamchukua, au anamhamishia maficho mengine. Shingoni huwa na kikadi chenye jina la familia na inakotoka. Bibi alipoelezwa akauliza, "Sasa mtu akishajua jina langu, anafaidi nini?" Akaagiza tuandike vitendawili. Basi tukaandika, Kiswahili juu, Kiingereza chini, na maelekezo kwamba jibu liko kwenye mlango wenye jahazi.

Milango ya vyumba ni ya chuma, hivyo sumaku zinanasa vizuri, na familia nyingi huipamba. Wa kwetu tuliuwekea jahazi la karatasi na pindo la kanga. (Taa za nyuzi tulizobeba zilibaki bandarini. Moto melini si mchezo, someni orodha ya vitu vilivyokatazwa kabla ya kufunga mizigo.)

Jioni ya pili, hodi. Mzee mmoja na mkewe, bata kiganjani. Kikadi kilisema: *Nyumba yangu haina mlango.* Mzee alikuwa ameshakisia kaburi na pango, mkewe akang'ang'ania tangi la maji. Bibi akajifunga kanga vizuri, akatoka. "Wameshindwa? Wanipe mji."

Mwanangu akatafsiri. Mzee akashangaa, mji wa nini tena? Lakini akatoa: Amarillo. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akaeleza alivyofika Amarillo, watu wa Amarillo wakamchinjia ng'ombe, wakampikia wali wa nazi, wakamtandikia kitanda cha besera, na yote hayo mtoto akayatafsiri neno kwa neno bila kucheka. Ndipo akawapa jibu: yai. Kesho yake kwenye kifungua kinywa, kutoka meza ya mbali, mzee alininyanyulia yai la kuchemsha.

Mhudumu wetu wa chumba, kijana wa Indonesia, naye aliingia mchezoni. Kila jioni alikunja taulo zikawa mnyama, mara tembo, mara nyani ananing'inia. Watoto wakampandisha bata juu ya tembo; usiku uliofuata tukamkuta bata huyohuyo ndani ya miwani ya Bibi. Bibi alimtafuta kijana yule korido nzima ili amkemee, akarudi amempa kashata.

Usiku wa mavazi rasmi tulivaa sare ya kitenge, tukapigwa picha ambazo hatukununua kwa jinsi zilivyo ghali. Kisiwani Cozumel, kituo chetu kimoja cha Mexico, bahari ile ilimtuliza Bibi, akasema ni kama ya nyumbani ila wameijengea maduka. Progreso, kituo kingine cha Mexico, kuna gati la kilomita kadhaa; msijaribu kulitembea na watoto, basi lipo bure.

Kwa watakaojaribu bata: msiwafiche dukani, kwenye bwawa wala karibu na chakula, na asitupwe hata mmoja baharini. Wenye grini kadi, bebeni na pasipoti yenu. Viza ya Mexico hamtadaiwa.

Usiku wa mwisho kitinda mimba wangu, miaka sita, alimgeuzia Bibi kibao.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimejifuta kwa tembo, nimekauka."

Bibi akafikiri, akataja mvua, jua, moshi. Akanyoosha mikono. "Haya, nakupa Tanga."

"Tanga ulishanipa mwaka jana. Nipe meli."

Bibi akageuka dirishani, akaangalia maji meusi kwa muda. "Nakupa," akasema. "Lakini na mimi nimo ndani."

Mtoto akamrushia taulo.