Elfu hamsini kuambiwa watoto watanilisha

Nilishasema sitaandika, lakini usingizi umegoma. Kama unaendesha wageni hapa Arusha na mtu akakuelekeza kwa yule "mshauri wa mipango ya kustaafu" wa ghorofani, maeneo ya Mnara wa Saa, chukua hiyo elfu hamsini ukanywee supu. Jina la ofisi silitaji, sitaki kesi. Wanaoijua wataijua kwa zile ngazi.

Nilienda wakati wa masika, maana ndipo sisi madereva tunapokumbuka kwamba kuna uzee. Wageni hakuna, gari limepaki, mgongo unauma. Nina miaka 51, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo nimeimalizia kwenye Land Cruiser. Ukivuka geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami ikakatika, kuanzia pale mpaka Naabi, geti la Serengeti, kila pingili ya mgongo inadai chake. Sijioni nikiifanya kazi hii nina 65. Na 2020 tuliona wote: korona ilipoingia simu ya kampuni ilinyamaza kabisa, wengine tukauza mpaka friji. Kwa hiyo kule juu sikupanda kupoteza muda.

Mshauri mwenyewe ni chalii wa miaka ishirini na kitu, kiatu kimechongoka, kompyuta mpya mezani. "Shikamoo mzee wangu." Marahaba. Hilo la mzee nililimeza kwa tabu, lakini nililimeza. Akauliza kipato, nikamweleza: mshahara mdogo, posho ya safari, na tipu, ambayo msimu ukichanganya inaupita mshahara. Madeni, vikoba, kiwanja cha Moshono, vyote nikavitaja. Anaandika haraka, hilo nampa.

Kisha akanigeuzia kioo nione bajeti yangu ya uzeeni. Pensheni, kiasi fulani. Kodi ya vyumba viwili nitakavyojenga nyuma ya nyumba, kiasi fulani. Halafu mstari wa tatu: "Watoto: 300,000 kwa mwezi."

Nikamuuliza, hii umeitoa wapi? "Mzee si umesema una watoto watatu? Laki moja moja." Nikamwambia nimekuja hapa ili nisije nikawaombe. Akacheka. Si tabasamu, alicheka, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili: "Eti mzee hataki kulelewa na watoto!" Mwenzake naye akacheka. "Sasa uliwasomesha kwa ajili gani, baba?"

Jamani. Kifungua mimba wangu yuko Dodoma, kaajiriwa juzijuzi tu. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake kabla hajaushika. Kodi ya chumba alichofikia nimelipa mimi. Wa pili yuko chuo, wa mwisho kidato cha tatu. Hiyo laki tatu inatoka wapi? Nikamwambia aufute ule mstari. Akaufuta, namba ya chini kabisa ikageuka nyekundu, akaurudisha harakaharaka kama mtu aliyefunua sufuria ya watu. Kumbe tangu mwanzo alijua pana shimo, akalifunika na watoto wangu!

Na chenji sasa. Nimempa elfu sitini, hana elfu kumi. "Utaikuta ukija tena, mzee." Mtu anapanga hela za uzee wa mwenzake, elfu kumi ya chenji hana.

Haya, niseme na la haki, nisije nikaonekana nina kijicho. Kuna kitu alinionyesha ambacho vijiweni sijawahi kukisikia. Alinitaka nije na taarifa ya michango yangu ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, tukaihesabu mwezi mmoja mmoja. 112. Mimi nilijua ni mingi zaidi, kumbe kuna kampuni niliyoitumikia ilikuwa inanikata kila mwezi na haipeleki. Akasema nitafute salari slipu za miaka ile niende nazo kulalamika. Na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi, michango inatakiwa ifike miezi 180. Sisi wa deiwaka, miezi sita huku, mitatu kule, tunajua tu kwamba kuna hela zetu zimelala mahali. Nani anahesabu miezi? Nimebakiza 68. Nikichangia bila kuruka, hata kwa hiari wakati sina mkataba, nafika nina 57 hivi. Na tipu ya kiangazi akasema isilale kwenye simu, niipeleke UTT, wale wa serikali wa uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi ambao hela yako unaweza kuichomoa ukiihitaji, halafu masika ikija niichomoe kidogokidogo inilipie michango.

Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili. Kile kicheko bado kiko sikioni.

Jioni ileile nilimtumia mama elfu themanini yake, kama kila mwezi. Yuko Nkoaranga, na hajawahi kuchangia mfuko wowote maishani. Alikuwa na kahawa, ng'ombe mmoja, na sisi. Nilipomaliza kuweka namba ya siri nikabaki nimeishika simu. Chalii angemwandikia mama karatasi yake, mstari wa tatu ningekuwa mimi, na usingekuwa uongo. Ila mama hakuchekwa, wala hakulipia elfu hamsini.

Sijui niweke nyota ngapi. Jumatatu napita kuchukua elfu kumi yangu. Nikimkuta hana mteja nitakaa, aufute ule mstari mbele ya macho yangu, nyekundu ibaki nyekundu, tuanzie hapo. Akicheka tena nateremka.