Mashine ya kufyonza vumbi la mbao: imepoteza nguvu, lakini mota ni nzima

Karakana yangu iko Wete, Pemba. Kazi kubwa ni milango na vitanda, mbao ni mvule na mfenesi. Aliyewahi kupiga msasa mvule anajua vumbi lake: ngozi inawasha, kifua kinabana, mafua hayaishi. Na si mafua tu. Watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995. Ndiyo maana nikanunua mashine ya kufyonza: mota ya kilowati 1.5, umeme wa kawaida wa nyumbani, mdomo wa milimita 100, mfuko wa kitambaa juu na wa nailoni chini.

Mwanzoni ilikuwa inakomba maranda yote yanayotoka kwenye randa. Masika ilipoingia ikaanza uzembe. Maranda yanabaki chini ya meza, vumbi linaelea mpaka dirishani. Kijana ninayefanya naye kazi akatoa hukumu yake: "Fundi, mota hii ishachoka." Fundi umeme naye akaleta habari za kubadilisha kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka.

Nadhani hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu mashine hizi zinakwenda kinyume na tunavyodhani. Mzigo wa mota yake ni hewa. Feni ya ndani ikipitisha hewa nyingi, mota inafanya kazi kubwa na kula ampea nyingi. Njia ikiziba, hewa haipiti, mzigo unapungua. Mota inazunguka kwa wepesi na sauti yake inapanda kidogo. Kwa hiyo mashine iliyoziba haielemewi, inastarehe! Tulibana mita kwenye waya tukakuta ampea ziko chini kabisa ya zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Kapasita mbovu ingeonekana kwa njia nyingine: mota inanguruma bila kuondoka, au inawaka kwa tabu. Umeme mdogo nao, au ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba, haupunguzi sana kasi ya mota ya aina hii. Unaiunguza taratibu kwa moto, jambo baya pia, lakini silo lililokuwa linanisumbua.

Basi tukafuata njia ya hewa. Chomoa mpira unaoleta hewa na maranda kwenye mashine, weka kiganja karibu na mdomo wa mashine, si ndani. Mdomoni ukivuta vizuri na mwisho wa mpira ukawa dhaifu, kosa liko kwenye mpira. Mdomoni kwenyewe kukiwa dhaifu, zima, chomoa plagi, angalia ule msalaba wa chuma unaolinda feni. Utepe mrefu wa maranda hupenda kunasa pale. Kwangu palikuwa safi. Tukaitoa mashine uani, tukavua mfuko wa juu, tukaiwasha huku tumefunga barakoa. Nguvu ikarudi yote.

Ni mfuko, basi. Hewa yote inayoingia lazima itokee kwenye kitambaa kile. Ili maranda yasitue njiani ndani ya bomba la milimita 100, hewa inatakiwa kwenda kama mita 20 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita za ujazo 500 kwa saa, na zote zipenye nyuzi za mfuko mmoja. Vumbi la msasa linaingia kwenye nyuzi hizo, halafu unyevu wa masika unaligandisha kama unga wa ngano uliomwagikiwa maji. Kuukung'uta kwa mkono hakukutosha. Nilisubiri siku ya jua, nikaugeuza nje ndani, nikaupuliza kwa kompresa kutoka upande ulio safi. Kuufua sikushauri wakati wa mvua, hautakauka na utaota ukungu.

Ule mfuko wa asili nimeuacha. Ulikuwa wa mikroni 30, yaani unazuia chembe kubwa kuliko hapo (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na vumbi linaloingia ndani kabisa ya mapafu ni chini ya mikroni 10, kwa hiyo ulikuwa unazuia maranda na kutupulizia sumu. Nimeshonesha mwingine wa kitambaa kizito zaidi, na mrefu zaidi kwa makusudi, maana kitambaa cha matundu madogo bila eneo la kutosha kinaziba upesi zaidi. Sehemu kubwa ya mpira wa mikunjo nimeibadilisha kwa bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, kwa kuwa mikunjo inakula nguvu nyingi.

Mashine yenyewe ningeinunua tena. Mota nzuri, feni ya chuma, kelele inavumilika. Magurudumu yameanza kutu kwa hewa ya chumvi, na vile vibanio vya mfuko ni vya bati jepesi, nimeshabadilisha kimoja. Ukienda dukani uliza mfuko wa juu unazuia mikroni ngapi. Muuzaji akikujibu "hiyo ni orijino, usiwe na wasiwasi," weka na bei ya mfuko mwingine kwenye hesabu yako.