Refraktomita ya mkono: ya muwa sawa, ya malisho ya farasi hapana

Nahudumia farasi Kiwengwa, Unguja. Jike mmoja ana ugonjwa wa kwato, majani matamu yanamuumiza, ndiyo nikanunua hichi kifaa kinachopima sukari ya tone la maji ya mmea kwa mwanga, kipimo cha Brix (makadirio ya asilimia ya sukari) 0 hadi 32. Kimeundwa vizuri: kioo safi, mstari wa buluu unasomeka, matone ya maji ya betri (yale yaliyotoneshwa, si asidi) yanakirudisha sifuri.

Taabu ni ukoka wenyewe. Unaukamua kwa kikamulio cha kitunguu thomu mpaka kiganja kiwake, unapata tone zito la kijani, na mstari unafifia. Hata ukisomeka, Brix inahesabu kila kilichoyeyuka, madini na protini pia. Wanga haiuoni, na nyasi zetu za joto akiba yao kubwa ni wanga. Jua likizinyausha, namba inapanda kwa upungufu wa maji tu.

Mwenye muwa anunue. Mwenye farasi mgonjwa apeleke majani maabara: sukari na wanga pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12 ya uzito mkavu. Mimi nampeleka malishoni alfajiri, sukari ikiwa chini, na majani makavu nayaroweka kwanza ili sukari ipungue.