Duka la vifaa vya boti Malindi: linamfaa kiasi gani anayebadilisha bolti za mwambani?

Tathmini hii inahusu duka moja la vifaa vya boti na vya ujenzi lililo mjini Malindi, upande wanakotia nanga wavuvi, pamoja na huduma ya utoboaji ambayo fundi wa duka hilo huitoa kwa malipo ya siku. Kikundi chetu kidogo cha wapanda miamba kina jabali fupi la matumbawe, ndani ya kiwanja cha mwenyeji mmoja kusini mwa mji, ambapo vijana hufundishwa kutumia kamba kabla ya kupelekwa bara kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate. Bolti zilizokuwa juu ya jabali hilo, ambazo ndizo hubeba uzito wote wa mtu anayeshushwa kwa kamba, zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, na kutu ilikwisha kuchora michirizi ya hudhurungi kwenye jiwe chini ya kila moja. Tulitaka kujua kama kazi ya kuzibadilisha inaweza kukamilika kwa kulitegemea duka hilo peke yake. Jibu langu ni kwamba inaweza kwa sehemu kubwa, isipokuwa bolti zenyewe.

Nianze na fundi, kwa sababu yeye ndiye bidhaa bora kuliko zote zilizomo dukani. Amezoea kuta za matumbawe za nyumba kongwe za pwani, na kabla ya kugusa drili aligonga jabali kwa nyundo hatua kwa hatua, akiacha kila mahali palipotoa sauti ya uvungu. Jiwe la matumbawe ni laini na lina matundu mengi, na kwa hiyo bolti ya kupanuka, ile inayojishikiza kwa kusukuma kuta za tundu, huliponda jiwe taratibu mpaka ikaanza kucheza. Bolti ndefu iliyogandishwa kwa gundi husambaza mzigo katika urefu wote wa tundu, na ndiyo inayofaa hapa. Fundi alizing'oa za zamani bila kuzikata, kisha akayapanua matundu yaleyale palipokuwa na jiwe zima, badala ya kuliachia jabali makovu mapya pembeni ya yale ya kale. Hayo hatukumwagiza.

Gundi ya epoksi inayouzwa hapo nayo sina neno nayo. Mirija yake huhifadhiwa chumba cha nyuma, mbali na jua, na tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, jambo ambalo si la kawaida katika maduka ya mwambao. Fundi aliitupa gundi ya mwanzo iliyotoka kwenye mdomo wa mrija mpaka rangi ikawa moja, kwa kuwa rangi ya mabaka ni dalili kwamba sehemu mbili za gundi hazijachanganyika na hazitaganda sawasawa. Kila tundu lilipulizwa, likapigwa brashi, likapulizwa tena, na bado vumbi laini kama unga wa muhogo liliendelea kutoka. Asiyekuwa na subira ataishia kuigandisha bolti kwenye vumbi badala ya kwenye jiwe. Joto la Malindi huharakisha kuganda, kwa hiyo kazi ilifanywa alfajiri, msimu wa kaskazi, jabali likiwa kavu.

Tatizo liko kwenye droo za bolti. Karatasi iliyobandikwa inasema «stenlesi», yaani chuma kisichoshika kutu, na haisemi zaidi ya hapo. Ndani ya droo moja nilikuta vichwa vilivyopigwa chapa ya A2 vimechanganyika na vya A4, na vingine havina chapa yoyote. A2 ni familia ya chuma kinachojulikana kama 304, na A4 ni ya 316, ambacho kimeongezwa metali ya molibdenamu ya takriban asilimia 2 hadi 3 ili kistahimili chumvi. Kwa macho havitofautiani, wala sumaku haitakusaidia kuvitenganisha. Nilipomwuliza mwenye duka, «Mzee, hizi ni za daraja gani?», alinijibu kwa upole, «Mwanangu, hizi zafunga mashua miaka na mikaka, na hakuna mvuvi aliyerudi kulalamika.»

Simkatalii, kwa upande wa mashua. Mashua hupandishwa pwani, fundi akazikagua bolti zake, na moja ikikatika zimebaki nyingine nyingi. Bolti ya mwambani sehemu yake kubwa imefichika ndani ya jiwe, na kwenye miamba ya bahari ya nchi za joto imeonekana kuwa hata chuma kisichoshika kutu hupasuka kwa ndani, kwa nyufa nyembamba zinazoletwa na kloridi ya chumvi pamoja na mkazo uliomo katika chuma chenyewe. Wapandaji wa Railay na Tonsai kule Thailand, na wa kisiwa cha Cayman Brac katika bahari ya Karibi, waliyaona hayo kwa bolti zilizokuwa ziking'aa kwa nje na zikakatika kwa mzigo mdogo, nyingine zikiwa na miaka michache tu. Chini ya kichwa cha jabali kinachochomoza hali huwa mbaya zaidi, kwani mvua haifiki kuiosha chumvi, na jabali letu ni la namna hiyo hasa. Hata 316 haina kinga kamili dhidi ya ugonjwa huo, na ndiyo sababu huko walihamia bolti za titani, metali inayostahimili chumvi zaidi.

Isitoshe, bolti ya boti haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hii. Kiwango cha Ulaya cha EN 959 kinaitaka nanga ya mwambani, yaani bolti iliyotengenezwa mahususi kumbeba mpandaji, ihimili kilonyutoni 25, yaani uzito wa takriban tani mbili na nusu, inapovutwa kuelekea chini, na kilonyutoni 15 inapovutwa kuelekea nje ya tundu. Duka halikuwa na nanga yenye chapa hiyo. Mwenye duka alikuwa tayari kuagiza «stenlesi nzuri kabisa», lakini hakuweza kuahidi cheti cha kiwandani, nami siwezi kumning'iniza mtoto wa mtu kwenye ahadi. Tuliagiza nanga za titani kutoka nje ya nchi, kwa bei iliyozidi mara kadhaa ya zile za dukani. Pingu za chuma kilichopakwa zinki, za kuunganishia kamba na bolti, ambazo mzee alitaka kutupa bure kama nyongeza tulizikataa kwa shukrani, maana metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa haraka.

Kwa hiyo nalipendekeza duka hili kwa gundi, brashi, pampu ya kupulizia na, zaidi ya yote, kwa fundi wake, ambaye malipo yake ya siku ni ya haki. Drili ya betri ya kukodi ni moja tu na huwekwa oda mapema. Siku ya Ijumaa duka hufungwa wakati wa sala na hufunguliwa tena alasiri. Biti ya drili, yaani ncha ya kutobolea, ya milimita 14 haikuwapo na ilibidi iletwe kutoka Mombasa, kwa hiyo anayekusudia kazi kama hii na aulize kwanza ukubwa wa biti zilizopo kabla hajaagiza nanga.