Viini 24 vya AMD au 52 vya Intel: Kipi cha Kusubiri?

Mjadala kuhusu prosesa zijazo za kompyuta za mezani umetawaliwa na tetesi mbili: kwamba kampuni ya AMD, ambayo prosesa yake ya Ryzen 9 9950X ina viini 16 (sehemu zinazotekeleza kazi ndani ya prosesa), itafikisha 24 katika kizazi kijacho cha Zen 6, na kwamba mshindani wake Intel itatoka kwenye viini 24 vya prosesa ya Core Ultra 9 285K hadi 52 katika kizazi chake kijacho, Nova Lake. Idadi hizo hazilinganishwi moja kwa moja, na jambo hili husahaulika mno. Viini vya 9950X ni vya aina moja na kila kimoja hubeba mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja. Vya 285K ni 8 vikubwa na 16 vidogo, kila kimoja mkondo mmoja.

Kwa gharama, AMD inavutia zaidi: imeahidi kuendeleza soketi yake ya AM5 (tundu la prosesa kwenye ubao mama) hadi 2027 na baadaye, ilhali Nova Lake inatajwa kuhitaji soketi mpya, yaani ubao mama mpya.

Mhariri wa video za safari mjini Arusha anaweza kunufaika na viini vingi vya Intel, mradi upozaji umudu joto. Mhasibu wa Moshi anayeshughulika na majedwali hatahisi tofauti. Fedha zake ningeshauri ziende kwenye kumbukumbu (RAM) na betri ya akiba ya kumlinda umeme unapokatika.