Uzoefu wangu na vyuma vya uzito wa mbele kwenye trekta dogo lenye tanki la lita 400

Nimevitumia msimu mzima wa kupulizia dawa kwenye shamba la parachichi Njombe, vikiwa kwenye trekta dogo la nguvu za farasi 35, foo wili, linalobeba tanki la lita 400 kwenye mikono ya haidroliki. Seti ina vipande sita vya chuma cha kusubu, kila kimoja kimeandikwa kilo 25 na kina mpini juu, pamoja na breketi, fito ya kuvishika na bolti. Vinafanya kazi na sivirudishi. Ila breketi ilitaka kurekebishwa, na bolti zilizokuja nazo nilizitupa.

Kabla ya kununua, pima. Wengi hununua kwa kukisia, vinne au vinane, halafu usukani ukiwa mzito wanalaumu chuma. Kwangu trekta tupu lina kilo 1,300, na ekseli ya mbele inabeba 550 kati ya hizo. Kuipata hiyo ya mbele ni rahisi: unapandisha magurudumu ya mbele tu kwenye mizani ya magari. Ekseli hadi ekseli ni sentimita 165. Katikati ya tanki ni sentimita 140 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tanki likijaa, pamoja na fremu na pampu yake, ni kilo 520.

Ekseli ya nyuma hapo inakuwa egemeo, kama mbao ya pembea. Zidisha 520 kwa 140, gawanya kwa 165: kilo 441 zinanyanyuliwa kutoka mbele. Zinabaki 109. Kanuni iliyomo kwenye vitabu vingi vya matrekta ni kwamba ekseli ya mbele isibebe chini ya asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, yaani kwangu 260. Pengo ni 151.

Vyuma vinaning'inia sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo kila kilo 25 zinaongeza kama kilo 34 kwenye ekseli. Vitano vilitosha. Nilifunga sita kwa sababu ya miteremko, na pia kwa sababu mizani haikukubaliana na maandishi: vilitoka kati ya kilo 23.4 na 24. Kama unauziwa kwa kilo, pima kila kipande mbele ya muuzaji.

Hiyo kanuni ya asilimia 20 ni ya mahali tambarare. Kwenye mlima wa nyuzi 10, yaani kupanda mita 18 kwa kila mita 100, nikikadiria kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu ya ardhi, kilo 145 hivi nyingine zinahamia nyuma. Bila vyuma, zile 109 zimeshaisha: pua inanyanyuka hata kabla hujaachia klachi. Nikiwa na sita zinabaki kama 160, na usukani bado unasikia. Kwenye vipande vikali zaidi najaza lita 300 tu. Maji yakipungua nyuma, ekseli ya mbele inarudishiwa uzito bila kuongeza chuma.

Sasa ufungaji. Matundu ya breketi yalipishana na ya fremu kwa milimita 3. Fundi alitaka kuyapanua kwa moto wa gesi; nikakataa, nikatoboa kwa drili. Tundu la moto linakuwa kubwa na la mviringo mbovu, bolti inacheza ndani yake, na kila bonde inakatwa kidogo kidogo. Bolti zilizokuja hazikuwa na alama yoyote kichwani. Nimeweka nne za M16 (unene wa milimita 16) zenye alama 8.8, yaani daraja la uimara wa chuma, washa nene, zimekazwa Nm 200 kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kwangua rangi pale breketi inapokutana na fremu. Rangi ikibaki katikati inasagika, na bolti iliyokuwa imekaza inalegea bila nati kuzunguka. Kaza tena baada ya saa moja ya kazi, halafu baada ya saa kumi. Mara ya kwanza zangu zote nne zilikubali robo mzunguko.

Kasoro iliyonikera zaidi ni mchezo wa pembeni. Vikikaa kwenye reli ya breketi vinaacha nafasi ya milimita 4, vinagongana njia nzima na kula kingo za ndoano. Nimekata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, nikavibana kati ya chuma na chuma (usiuweke mpira chini ya bolti, hautakaza kamwe), kisha fito ikafungwa kwa nati mbili kila upande. Kelele imekwisha. Sehemu ya chini ya vyuma iko sentimita 28 kutoka ardhini, kwa hiyo matuta ya kinga maji yavuke kwa mshazari. Grili ya rejeta iko wazi, lakini kuiosha vizuri lazima utoe viwili vya katikati.

Zege ni rahisi kwa bei, ila kilo 150 za zege ni kama lita 62, na za chuma ni lita 21. Pipa la zege linajitokeza mbele na kupasuka kwenye ndoano kama halina nondo. Maji kwenye tairi za mbele yanakosa faida ya mkono mrefu: kilo 25 zinabaki 25, na huwezi kuyatoa jioni.

Usitegemee vikupunguzie mzigo wa tairi za nyuma. Kwangu ekseli ya nyuma imeshuka kama kilo 50 tu kutoka 1,700, kwa hiyo upepo wa tairi uangaliwe kwa mzigo huo. Wala havikuruhusu kuvuta tela kwa kamba iliyofungwa kwenye toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati wa haidroliki. Kuvuta ni kwenye ndoano ya chini tu, hata ungetundika vyuma kumi mbele.

Bila tanki, ekseli ya mbele inabeba karibu kilo 745, usukani unakuwa mgumu na tairi za mbele zinalika mabega. Kwa hiyo navitoa, kimoja kimoja kwa mpini, dakika kumi hivi. Tanki linashushwa kwanza, ndipo vyuma vitoke. Wakati wa kurudisha, vyuma vinatangulia, maji baadaye.